Jiwe la Nne

Muhula uliopita nilimtuma mwanafunzi mmoja akasimame kando ya barabara inayopita mbele ya chuo, simu kiganjani, programu ya dira ikiandika nguvu ya sumaku mara hamsini kwa sekunde. Simu nyingi za siku hizi zina sensa ya sumaku ndani yake. Ndiyo inayoiambia ramani ya simu kaskazini ni wapi. Roli ni rundo la chuma, na chuma kikipita karibu huvuruga sumaku ya Dunia kwa kiasi ambacho simu inakihisi bila taabu. Roli la mchanga likapita. Kijana akarudi darasani na mchoro wake: mstari umelala, umepanda, umeshuka, umelala tena. Kutoka mwanzo wa kilima hadi mwisho wake, sekunde mbili.

Nikawauliza waliobaki darasani, ambao roli hawakuliona: lilikuwa na urefu gani?

Mmoja akasema mita 10. Kama lilikuwa likijikokota kwa mita 5 kwa sekunde, hesabu yake ni sahihi. Mwingine akasema mita 20, kwa mwendo wa mita 10 kwa sekunde. Naye yuko sahihi. Wa tatu, binti anayekaa nyuma na kusema mara chache, akauliza swali lililonifurahisha kuliko majibu yote. "Mwalimu, tuna uhakika gani kwamba kuna kitu kilipita? Labda roli lilikuwa limeegeshwa, na mwenye simu ndiye aliyetembea mbele yake. Au kuna mtu jirani aliwasha mota ya umeme, akaizima."

Swali hilo liliwasumbua wachunguzi wa anga za juu kwa miongo kadhaa. Chombo kimoja kinachopima peke yake hakiwezi kujua kama kilichobadilika ni mahali au ni wakati. Kinaona sumaku imepanda. Je, kimeingia eneo lenye sumaku kali? Au eneo ni lile lile, ila sumaku yake imeongezeka? Au kuna kitu kimekipita, na kama kimepita, kilitoka upande gani?

Anga inayoizunguka Dunia si tupu. Pamoja na mwanga na joto, Jua linatupulizia upepo wa chembe zenye chaji, elektroni na protoni hasa, unaokwenda kwa wastani wa kilomita 400 kwa sekunde. Hali hiyo ya maada, ambamo elektroni zimeachana na atomu zake, huitwa plazma. Kamusi zetu zimeipa jina la utegili. Ni nyembamba mno. Upepo wa Jua unapofika kwetu, sentimita moja ya ujazo ina chembe ambazo vidole vya mikono vinatosha kuzihesabu. Lakini unabeba uga wa sumaku, na unapokutana na uga wa Dunia unalazimika kuuzunguka kama maji ya mto yanavyozunguka nguzo ya daraja. Upande wa mchana, mpaka kati ya uga wetu na upepo huo uko takriban kilomita 60,000 kutoka hapa tulipo. Upepo ukizidi, mpaka unabonyezwa ndani. Ukilegea, unarudi nje. Upande wa usiku uga wetu unavutwa ukawa mkia mrefu unaopita hata umbali wa Mwezi.

Mpaka huo hautulii hata kidogo. Unasogea mbele na nyuma kwa makumi ya kilomita kwa sekunde, ilhali chombo chetu huko juu kinakwenda kilomita moja au mbili tu kwa sekunde. Kwa hiyo mara nyingi mpaka ndio unaokivuka chombo. Tuseme sumaku inageuka ndani ya sekunde 10. Ikiwa mpaka unakwenda kilomita 10 kwa sekunde, unene wake ni kilomita 100. Ikiwa unakwenda kilomita 100 kwa sekunde, unene ni kilomita 1,000. Ni hesabu ya roli la mchanga, ila hapa kosa lina gharama kubwa zaidi, kwa sababu ukuta wa kilomita 100 na ukuta wa kilomita 1,000 hautawaliwi na fizikia moja. Katika ukuta mwembamba ioni zinashindwa kugeuka pamoja na sumaku, na mambo yanaanza kutokea ambayo katika ukuta mnene hayatokei kabisa.

Jaribio la kwanza kubwa la kuliondoa fumbo hili lilikuwa la vyombo viwili. Tarehe 22 Oktoba 1977 Wamarekani na Wazungu walirusha ISEE-1 na ISEE-2 kwa roketi moja, kimoja kikimfuata mwenzake katika mzingo ule ule, na nafasi kati yao ikiweza kurekebishwa. Viwili vilileta faida kubwa: ukuta ukikipita cha kwanza halafu cha pili, tofauti ya saa inakupa mwendo. Lakini inakupa mwendo ule tu ulio kwenye mstari unaoviunganisha. Ukuta ukija kwa mshazari, mwendo unaousoma si wake. Ilibidi watafiti wakisie mwelekeo kwanza, ndipo wapate mwendo.

Nikawatoa nje wanafunzi watatu, nikawapanga pembetatu kwenye majani kando ya barabara, hatua ishirini kutoka mmoja hadi mwingine, saa za simu zao zikiwa zimewekwa sawa. Safari hii darasa halikubishana. Kutokana na tofauti mbili za muda walipata roli lilitoka upande gani na lilikwenda kwa kasi gani, na kutokana na kasi wakapata urefu. Watatu wanatosha kwa roli, maana roli haliachi ardhi. Huko juu hakuna ardhi. Ukuta wa sumaku unaweza kutokea kulia, kushoto, juu au chini. Mambo usiyoyajua ni matatu: mawili ya mwelekeo na moja la kasi. Ili upate tofauti tatu za muda unahitaji vipimo vinne, na visiwe vimelala katika tambarare moja.

Aliyekulia jikoni kwa kuni analijua umbo hili. Mafiga ni matatu, kwa sababu mawe matatu ndiyo yanayosimamisha chungu bila kuyumba. Lakini ukiyatazama mafiga peke yake, yote yamekaa juu ya sakafu. Hayasemi lolote kuhusu kilicho juu yake. Chukua jiwe la nne, lining'inize pale ambapo chungu kingekaa, mbali sawasawa na kila moja ya yale matatu. Umepata umbo lenye nyuso nne za pembetatu, ambalo wanahisabati huliita tetrahedroni. Ndilo umbo dogo kuliko yote lenye ndani na nje. Shirika la Anga la Ulaya lilipopanga mradi wake wa Cluster, liliamua kuruka na vyombo vinne kwa sababu hiyo tu. Vitatu vingekuwa pungufu.

Kuna faida nyingine ambayo mimi naiona kubwa kuliko hiyo ya mwendo. Mwanafunzi wa kidato cha sita anaifahamu sheria ya Ampère: ukiuzunguka waya unaopitisha umeme, ukajumlisha uga wa sumaku njia nzima, jumla hiyo inakuambia ni umeme kiasi gani unaopita katikati. Anga za juu zina mikondo mikubwa ya umeme, na hakuna waya. Hakuna mahali pa kubana ammita. Lakini ukiwa na vipimo vinne vya sumaku, kila uso wa umbo lako ni pembetatu unayoweza kuizunguka kwa hesabu, na kutokana na nyuso nne unaupata mkondo wa umeme unaopita ndani, ukubwa wake na uelekeo wake. Hakukuwa na kifaa hata kimoja ndani ya Cluster kilichopima mkondo huo moja kwa moja. Kilichoupima ni nafasi iliyokuwa kati ya vyombo. Tena hesabu hiyo hiyo inajikagua: sumaku haina ncha moja iliyo peke yake, kwa hiyo mistari yote inayoingia ndani ya umbo lazima itoke. Ukijumlisha ukaona haitoki yote, unajua kuna kosa katika vipimo au katika umbo, na unajua kabla hujaandika chochote.

Siku ile barabarani tulipata kosa letu. Simu ya mmoja ilitoa mchoro wa ajabu, mstari uko juu sana na kilima cha roli hakionekani. "Mwalimu, simu yangu imekataa." Tukaikagua mara tatu, mwishowe tukagundua kava lake lilikuwa lile la kufunga kwa kisumaku. Likavuliwa, simu ikapona.

Waliotengeneza Cluster waliliogopa kava hilo kwa miaka. Uga wa Dunia hapa Afrika Mashariki ni takriban nanotesla 33,000. Kule kwenye mpaka ni makumi ya nanotesla tu, na tofauti kati ya chombo na chombo inaweza kuwa ndogo kuliko nanotesla moja. Parafujo yenye sumaku au waya wa umeme uliopita vibaya unatosha kuharibu kila kitu. Ndiyo sababu kipimo cha sumaku kiliwekwa kwenye ncha ya mkono wa mita 5, mbali na kiwiliwili cha chombo. Ndiyo sababu pia zilichaguliwa betri za fedha na kadimi: zile zilizozoeleka zilikuwa na nikeli, na nikeli ina sumaku. Waliozichagua walijua kwamba zinakufa mapema. Zikafa kweli, baadhi zikapasuka, na mradi uliopangiwa miaka miwili ukajikuta ukifanya kazi bila betri. Kila chombo kilipoingia katika kivuli cha Dunia kilizimwa karibu chote, kikapoa gizani, kisha kikaamshwa tena Jua lilipokipata. Wahandisi wa kituo cha Darmstadt, Ujerumani, waliifanya kazi hiyo mwaka baada ya mwaka, na heshima wanayoipata haitoshi.

Lakini nimeruka mbele. Cluster karibu isiwepo kabisa.

Tarehe 4 Juni 1996 vyombo vinne vya kwanza vilikaa kwenye kichwa cha roketi mpya ya Ariane 5, huko Kourou, Guiana ya Ufaransa. Ilikuwa safari ya kwanza ya roketi hiyo. Takriban sekunde 37 baada ya injini kuwaka ilipoteza dira, ikapinda ghafla, ikaanza kukatika, ikajilipua. Uchunguzi ulionyesha kwamba programu ya kompyuta inayotambua mwelekeo ilikuwa imechukuliwa kutoka Ariane 4. Mahali fulani ndani yake namba iliyohusiana na mwendo wa pembeni ilibadilishwa kutoka biti 64 kwenda biti 16, nafasi isiyoweza kubeba zaidi ya 32,767. Ariane 4 haikuwahi kufikisha namba kubwa hivyo. Ariane 5 ilikuwa na nguvu zaidi, ikafikisha. Kompyuta ikasimama. Kulikuwa na kompyuta ya akiba, ila ilikuwa na programu ile ile, ikaanguka kwa kosa lile lile.

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi. Kufanana ndiko kulikoiua roketi: mashine mbili zilizofanana hazikuwa akiba, zilikuwa mashine moja iliyoandikwa mara mbili. Na kufanana ndiko kulikohitajika kwa mzigo uliobebwa juu yake. Vyombo vinne vya Cluster vilipaswa kuwa mapacha kamili, vifaa 11 vile vile katika kila kimoja, ili tofauti yoyote itakayoonekana iwe ni ya anga wala si ya vyombo. Mhandisi anayejenga akiba na mwanasayansi anayejenga ulinganisho wanaomba vitu vinavyopingana, na kama hawakuketi meza moja, mmoja atampa mwenzake kile asichokitaka.

Watafiti walikuwa wamekaa katika kazi hiyo miaka kumi na zaidi. Wangeweza kuacha. Shirika likaanza kwa kuunganisha chombo kimoja kutokana na vipuri vilivyobaki, kikaitwa Phoenix, ndege wa hadithi anayefufuka majivuni. Lakini chombo kimoja ni kama yule kijana wangu wa kwanza barabarani, na mwaka 1997 ilikubaliwa vijengwe vingine vitatu. Naliona hilo kuwa uamuzi wa kijasiri. Kukubali Phoenix aruke peke yake kungekuwa rahisi, kungetoa picha nzuri, na sayansi yake ingekuwa karibu ile ile ya miaka ya 1970. Vinne vikarushwa kwa roketi za Soyuz kutoka Baikonur, Salsa na Samba tarehe 16 Julai 2000, Rumba na Tango tarehe 9 Agosti. Majina ya ngoma yalitoka katika shindano la wananchi, na yanafaa: vinne vilicheza pamoja, kila kimoja na hatua yake.

Hatua hizo si lelemama. Kila chombo kilikuwa na uzito wa karibu kilo 1,200, na zaidi ya nusu yake ilikuwa mafuta. Mzingo ulikuwa mviringo uliorefuka, kutoka kilomita 19,000 hivi hadi kilomita 119,000, ukizunguka kupitia juu ya ncha za Dunia kwa saa 57. Na hapa watu wengi hupata picha isiyo sahihi, wakidhani vinne vilikwenda kama kikosi cha ndege za maonyesho, umbo limeshikiliwa imara. Haiwezekani. Kila kimoja kilikuwa katika mzingo wake chenyewe, na sheria za Kepler hazimsubiri yeyote. Vikikaribia Dunia vilikimbia na kujipanga karibu mstari mmoja, vikipanda vilijikusanya, umbo likapanuka, likabonyea, likapinduka. Wapangaji walichagua tu ni sehemu gani ya safari umbo liwe kamili, kwa mfano pale mpaka unapokatizwa. Walipotaka kubadili nafasi, kutoka kilomita chache hadi zaidi ya 10,000, walichoma mafuta. Kila badiliko lilijadiliwa kwa muda mrefu, maana tone lililochomwa halirudi.

Zawadi mojawapo ilikuja kutokana na vipimo vya tarehe 20 Novemba 2001. Upepo wa Jua ulikuwa ukipita ubavuni mwa uga wetu. Aliyewahi kukaa ufukweni wakati kusi inapovuma anajua upepo unavyoyafanya maji: unaanza na vikunyanzi, vinakuwa mawimbi, mawimbi yanajikunja. Nadharia ilidai kwamba hilo linatokea pia kwenye mpaka wa sumaku, lakini chombo kimoja kisingeweza kutofautisha wimbi lililojikunja na mpaka unaopwa na kujaa tu. Vinne viliona plazma nzito ya nje ikiwa imekaa ndani ya plazma nyepesi, katika mpangilio ambao wimbi lisilojikunja haliwezi kuutoa. Matokeo yalitoka katika jarida la Nature mwaka 2004. Mawimbi hayo yanafika upana wa maelfu ya kilomita, na ni mlango ambao upepo wa Jua unautumia kuingia kwetu hata wakati mwelekeo wa sumaku yake unapaswa kuuzuia.

Swali tofauti linataka umbo tofauti. Mkia wa usiku unajazwa nishati, kisha unaiachia kwa ghafla, na mianga ya ncha za Dunia inawaka ikicheza. Kwa miongo mingi watafiti waligawanyika: je, mlipuko unaanzia karibu, kiasi cha robo ya njia ya kwenda Mwezini au chini ya hapo, kisha unakwenda nje? Au unaanzia mbali zaidi, karibu theluthi ya njia hiyo, pale mistari ya sumaku inapokatika na kuungana upya, kisha unakuja ndani? Tetrahedroni ndogo haisaidii hapo. Unataka walinzi waliopangwa kwenye njia nzima. NASA ilirusha vyombo vitano vya THEMIS tarehe 17 Februari 2007, mizingo yake ikiwa imepangwa ili kila siku nne vijipange mstari katika mkia, huku kamera za ardhini Kanada na Alaska zikiangalia mbingu. Tarehe 26 Februari 2008 mlipuko ukawakuta wamesimama kila mmoja mahali pake. Kule mbali kulianza kwanza; mianga ikawaka baada ya takriban dakika moja u nusu; vurugu za karibu zikafuata. Mjadala haukuisha siku ile, lakini tangu hapo unaendeshwa kwa saa mkononi.

Huko kukatika na kuungana upya kwa mistari ya sumaku ndiko kulikozaa MMS, vyombo vinne vya NASA vilivyorushwa Machi 2015. Kiini cha tukio, pale elektroni zinapoachana na sumaku, kina upana wa kilomita chache tu na kinakipita chombo kwa muda mfupi kuliko kupepesa macho mara chache. Cluster ilihitaji mzunguko mmoja wa kujizungusha, sekunde 4, ili ipate picha kamili ya elektroni. MMS inaipata kila milisekunde 30. Nafasi kati ya vyombo ilishushwa hadi kilomita 10, na Septemba 2016 ikafika kilomita 7.2. Tarehe 16 Oktoba 2015 kiini kilivipitia vyombo hivyo, na elektroni zikaonekana zikijipanga katika umbo la mwezi mwandamo, alama ya kwamba zimezungushwa na kurushwa na uga wa umeme pale pale mistari inapoachana.

Ili kukaa kilomita 7 bila kugongana, unatakiwa ujue uko wapi. MMS inatumia GPS, ile ile iliyo katika simu za wanafunzi wangu, ingawa setilaiti za GPS ziko kilomita 20,200 juu na antena zake zinatazama chini. MMS iko juu yake, inadaka mabaki ya ishara kutoka setilaiti zilizo upande wa pili wa Dunia, zinazochungulia pembeni. Mwaka 2019 ilifanikiwa kwa umbali wa zaidi ya kilomita 187,000, karibu nusu ya njia ya kwenda Mwezini.

Ishara hizo zinazodakwa nusu ya njia ya Mwezi zinapotea hapa kwetu baada ya Magharibi. Rafiki yangu mpima ardhi aliwahi kuacha kipokezi chake juu ya nguzo ya upimaji kirekodi usiku kucha. Asubuhi akakuta pengo kati ya saa mbili na saa nne usiku. Setilaiti zilikuwepo, ishara zilikuwa zimevurugika. Alidhani mashine ni mbovu. Haikuwa mbovu. Jua likizama, tabaka la plazma lililo kilomita mia kadhaa juu yetu linapoteza uzito wake kwa chini kuliko kwa juu, na kilicho chepesi kinajikuta kimelaliwa na kizito, kama mafuta yaliyowekwa chini ya maji. Mapovu yanachomoza na kupanda. Ni ugonjwa wa ukanda wa ikweta ya sumaku, unaopita Ethiopia, na hukolea karibu na Machi na Septemba, hasa miaka Jua linapokuwa katika kilele chake.

Setilaiti tatu za Swarm, zilizorushwa na Ulaya tarehe 22 Novemba 2013, mbili zikienda bega kwa bega na ya tatu ikiwa juu zaidi, ziliyakuta mapovu haya kwa njia ya kuumiza: zilipoteza GPS zenyewe, mara nyingi zikiwa katika ukanda wa kati ya Afrika na Amerika ya Kusini. Zimetufundisha mengi. Lakini mizingo yake inapita juu ya ncha za Dunia, kutoka kusini kwenda kaskazini, na mapovu nayo yamelala kusini-kaskazini, yamefuata mistari ya sumaku, wembamba wake ukiwa mashariki-magharibi. Ni kama kuchunguza upana wa mto kwa kuufuata kwa mtumbwi. Setilaiti sita za COSMIC-2, za Taiwan na Marekani, zinazunguka karibu na ikweta tangu Juni 2019, ila zimetawanyika kuizunguka Dunia nzima, hazifanyi umbo.

Ninachokidai ni kundi la vyombo vinne au zaidi katika mzingo wa ikweta, kilomita chache hadi mia kadhaa kati ya kimoja na kingine, likatize mapovu kutoka magharibi kwenda mashariki usiku baada ya usiku. Ncha za Dunia zimepata uangalizi mkubwa kwa sababu zinapendeza macho, na kwa sababu wenye roketi wanaishi karibu nazo. Mapovu yetu hayaonekani kwa macho, lakini watu wengi zaidi wanaishi chini yake. Wala pwani yetu si ngeni katika kazi hii. Jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi lilirusha setilaiti kati ya 1967 na 1988, likiwa limewekwa pale kwa sababu ya ikweta, na baadhi yake zilikwenda kupima hewa ya juu ya ukanda huu huu. Kutoka pale pale ndipo Uhuru, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza mbingu kwa eksirei, iliporuka tarehe 12 Desemba 1970.

Salsa ilirudi duniani tarehe 8 Septemba 2024, ikaungulia juu ya Bahari ya Pasifiki ya Kusini, miaka 24 baada ya kuondoka, na ndege yenye wanasayansi ikaifuatilia ikichomeka. Wanaofuata wanashughulika na udhaifu ambao vinne havikuweza kuuepuka. Umbo moja lina ukubwa mmoja kwa wakati mmoja. Likiwa la kilomita 10 linaona elektroni na halioni wimbi kubwa linalozibeba. Likiwa la kilomita 5,000 linaona wimbi na elektroni zinapotea katikati. Na katika plazma, kubwa na dogo vinaendeshana. NASA inatayarisha HelioSwarm, vyombo tisa, kimoja kikubwa na vidogo vinane. Tisa vinakupa jozi 36, yaani nafasi 36 tofauti zinazopimwa kwa pamoja. Ulaya nako kuna pendekezo la Plasma Observatory, vyombo saba: tetrahedroni ndogo ndani ya kubwa, zikishiriki jiwe moja.

Hilo la saba tunaweza kulijaribu wenyewe. Yule binti wa kiti cha nyuma ameshachora mpango: pembetatu ya hatua ishirini kwenye majani, pembetatu ya hatua tatu ndani yake, kona moja ikiwa ya zote mbili, na wa juu wamesimama kwenye roshani ya ghorofa ya kwanza. Ameandika pembeni, kwa kalamu nyekundu, kwamba makava yote yavuliwe kabla ya kutoka darasani.